Kwa nini jengo la makumbusho ya sayansi linakaa kiajabu ajabu vile

Juzi kijiweni pale Majengo, hapa Dodoma, mpwa wangu katoa simu katuonyesha picha ya jengo, akauliza, haya hili ni nini. Tuko watano sita hapo na vikombe vya kahawa, wengi watu wa saiti za ujenzi, kuna mzee mmoja fundi kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa) wa siku nyingi akaichukua ile simu akaivuta karibu akaisogeza mbali, akasema hii ni mifupa ya sangara, mtu kamaliza kula kaiacha hapo. Tulicheka sana. Kumbe ni Museu do Amanhã, makumbusho ya sayansi ya Rio de Janeiro kule Brazil, kachora Mhispania anaitwa Santiago Calatrava, likafunguliwa Desemba 2015. Paa lake limejitokeza nje upande wa uwanja kama mita 75 bila nguzo chini, na juu lina mabawa ya chuma yenye sola yanayosogea kufuata jua.

Mzee akarudisha simu akasema sawa nimeona, sasa mjomba niambie, kwa nini wasipige boksi la kawaida wakapanga vitu vyao ndani? Mpwa, anasoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi mwaka wa pili, akaanza habari za utambulisho wa mji sijui kuvutia wageni, mzee anamtazama tu anapuliza kahawa. Nikasema ngoja nijibu mimi. Mi sio msanifu, mi nasimamia saiti, hapa Dodoma nimekaa kabla hata ya serikali kuanza kuhamia, lakini nikienda kwenye jengo naangalia limesimamaje kabla sijaangalia kilichomo, ni ugonjwa. Pale nilijibu kwa kifupi, hapa ntajibu kwa kirefu.

Anza na hili: makumbusho ya sayansi ni nyumba mbili zilizolazimishwa kukaa kwenye mwili mmoja, na hizo nyumba hazipatani. Ya kwanza ni stoo. Kuna mafuvu, ndege waliojazwa pamba, mimea iliyokaushwa, ramani za zamani, hivi vitu adui zao ni mwanga, unyevu unaopanda na kushuka, vumbi na wadudu. Ya pili ni uwanja wa kuchezea. Watoto mia mbili wa shule wameshuka kwenye mabasi, wanataka kubonyeza, kuzungusha, kupiga kelele, kumwaga maji. Hii nyumba ya pili ilianza kuchomoza pale München Ujerumani, Deutsches Museum, ambayo injinia Oskar von Miller aliianzisha 1903 na moja ya mambo yake ilikuwa mgeni aruhusiwe kuendesha mashine mwenyewe. Ikaja kukomaa San Francisco mwaka 1969, Frank Oppenheimer (mdogo wake yule Robert wa bomu la atomiki) alipofungua Exploratorium ambako karibu kila kitu ni cha kugusa.

Sasa chukua mwanga peke yake uone ugomvi ulivyo. Vitu vinavyoharibika kirahisi, kama karatasi, nguo, manyoya, watu wa makumbusho hawataki vipigwe na mwanga zaidi ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukitoka nje saa sita mchana hapa Dodoma pale Nyerere Square kuna luksi kama laki moja. Yaani kati ya kabati la ndege na mlango wa mbele unatakiwa kupunguza mwanga mara elfu mbili, na mtu anatembea hapo katikati na miguu yake, hujui atatumia dakika mbili au nusu saa. Ukimtoa juani ukamuingiza ghafla kwenye chumba cha luksi 50 haoni kitu, atagonga kabati. Kwa hiyo unamshusha taratibu, kwanza kivuli cha nje, halafu ukumbi wenye mwanga wa wastani, halafu korido, ndo anaingia. Ile safari ndefu ya kuzunguka zunguka ambayo watu wanalalamika wakienda makumbusho makubwa, nusu yake ni macho yanazoeshwa giza.

Na hapo hapo uwanja wa kuchezea unataka mwanga mwingi na watu waonane.

Halafu kuna vitu ambavyo umbo lake limeshaamuliwa na Mungu, huna la kujadili. Mfano mzuri unatuuma sisi wenyewe. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi mpaka bandarini Lindi, leo amesimama Berlin kwenye Museum für Naturkunde, kichwa kiko mita 13.27 kutoka chini. Hiyo ni zaidi ya ghorofa nne. Lile jengo la Berlin lilifunguliwa 1889, kabla mifupa haijafika, bahati yao lilikuwa na ua wa katikati uliofunikwa kwa paa la vioo, mrefu wa kutosha. Sasa piga picha siku anarudishwa nyumbani (mi bado nasubiri, msinicheke), unamweka wapi? Majengo yetu mengi ya umma siling iko mita tatu. Ungemweka na shingo imelala chini kama punda mgonjwa.

Kingine ambacho kina umbo lake ni planetariamu, ile kumbi ya kuangalia nyota. Inataka kuba, kwa sababu anga unaliona kama bakuli limefunikwa juu yako. Lakini ukijenga kuba ya zege ukaipaka rangi nyeupe ukadhani umemaliza, umejenga chungu: mtu akikohoa kule sauti inazunguka inakurudia mara mbili tatu. Wanachofanya ni kutundika kuba ya pili ndani, ya mabati membamba ya alumini yenye vitundu vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, mwanga wa projekta unadunda juu yake lakini sauti inapenya inaenda kumezwa na sufi iliyoko nyuma, na spika na mabomba ya hewa yamejificha huko huko nyuma wala huyaoni. Kwa hiyo kuba unayoiona nje na unayoiona ndani sio moja. Pale Paris, Cité des Sciences et de l'Industrie, wao hawakutaka hata kuificha, kumbi yao ya sinema ya duara, La Géode, wakaitoa nje kabisa ikawa mpira wa kipenyo cha mita 36 umefunikwa kwa pembetatu 6,433 za chuma kinachong'aa kama kioo. Kilikuwa ni chumba tu kinachotaka kuwa duara, wakakiacha kiwe hivyo.

Na hiyo ya Paris ina kisa ambacho huwa nakipenda. Jengo kubwa lenyewe lilianza kama ukumbi wa mnada wa ng'ombe wa machinjio ya La Villette, mradi ukawashinda, likabaki gofu kubwa la zege, ndo akaitwa Adrien Fainsilber akaligeuza makumbusho ya sayansi, likafunguliwa tarehe 13 Machi 1986, usiku ule ule chombo cha anga cha Giotto kilipopita karibu na nyota yenye mkia ya Halley. Machinjio yamekuwa makumbusho! Mzee wa kenchi hapo alitikisa kichwa akasema kumbe boksi linawezekana. Linawezekana ndio. Nguzo zilikuwa mbali mbali, kimo kikubwa, sakafu nene. Ng'ombe na mitambo mahitaji yao yamefanana.

Sakafu nadhani watu wengi hawaifikirii kabisa. Nyumba ya kuishi injinia anapiga hesabu ya mzigo wa kilo kama 150 mpaka 200 kwa kila mita ya mraba, ukiacha uzito wa slabu yenyewe. Ukumbi wa makumbusho ni kama 500. Na hiyo ni watu waliosongamana tu na makabati ya kawaida, ukileta kichwa cha treni au tenki la samaki ni hesabu nyingine. Maji hayana utani, mita moja ya ujazo ni tani moja, tenki la kina cha mita tatu ni tani tatu juu ya kila mita ya mraba. Ndo maana matenki mengi yamekaa chini kabisa kwenye msingi na wageni ndo wanapandishwa kwa ngazi kuja kuyaangalia kwa juu. Af hutaki nguzo nyingi katikati, kwa sababu maonyesho yanabadilika, mwaka huu roketi mwakani volkano, nguzo ikikaa katikati ya ukumbi itakusumbua miaka hamsini. Mzigo mara mbili na nusu, nguzo chache, bimu zinakuwa nene, na bimu ikiwa nene tayari una nafasi ya kupitisha mabomba ndani yake, basi unaamua kuinua jengo lote... unaona? Umbo linaanza kujichora lenyewe.

Aliyelisukuma hili mbali kuliko wote ni Zaha Hadid, mama aliyezaliwa Baghdad, kule Wolfsburg Ujerumani, jengo la maonyesho ya sayansi linaitwa phaeno, lilifunguliwa Novemba 2005. Ukumbi wa maonyesho wote umeinuliwa hewani umekalia koni kumi za zege, zile koni ndo nguzo, lakini ziko tupu ndani, moja ni mlango wa kuingilia, nyingine ina duka, nyingine ukumbi wa mihadhara. Watu wa mji wanapita chini ya jengo kama wanapita chini ya mbuyu. Sasa wewe fundi zege jiulize, koni imelala, nondo zimebanana mpaka kidole hakipiti, boksi la kumiminia zege lina mikunjo, vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishindiliwe, unaiingizia wapi? Haiingii. Ilibidi watumie zege linalojishindilia lenyewe, limechanganywa na dawa inayolifanya litiririke kama uji bila kokoto kuzama chini, unamimina linajaza kila kona peke yake. Picha za lile jengo nimeziangalia nikitafuta masega, yale matundu yanayobaki zege likishindwa kuenea. Sijaona. Niliona wivu.

Mi binafsi phaeno nalikubali kuliko lile la Rio. Rio pia kuna akili, wanavuta maji ya ghuba ya Guanabara kupoozea jengo halafu wanayarudisha, na mabawa ya sola yana kazi. Lakini mita 75 za paa linaloning'inia, mh. Kivuli hicho ungekipata kwa gharama ndogo zaidi. Hapo mpwa alikuwa sahihi kidogo, mji ulitaka picha ya kuonyesha wageni, mwaka uliofuata walikuwa na Olimpiki.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndo penye utamu na hapa ndo Dodoma tunahusika.

Kuna jengo la ofisi hapa mjini, silitaji, nilikuwa saiti pale kama msaidizi. Mwenye mali alitaka vioo. Ukuta wote wa mbele vioo vya bluu kuanzia chini mpaka juu, na mbele yenyewe inaangalia magharibi kwa sababu barabara iko magharibi. Tukamwambia, akasema kwani Dubai hawajengi? Tulimaliza, likapendeza kweli, picha zikapigwa. Nimepita pale mwaka jana mwezi wa kumi saa tisa na nusu mchana, nikahesabu kutoka barabarani, madirisha kumi na saba yamebandikwa maboksi ndani, boksi la maji ya kunywa, boksi la sabuni, la televisheni, mmoja kabandika khanga. Viyoyozi vinanguruma, na ndani wamewasha taa kwa sababu maboksi yameleta giza. Yaani umenunua kioo ili upate mwanga, kisha ukanunua umeme ili upate mwanga.

Kosa ni kutokujua jua linapita wapi. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua linakuwa juu ya utosi kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo mwanzo za Machi na kama tarehe 8 au 9 Oktoba. Desemba linaegemea kusini lakini kidogo tu, kama nyuzi 17, Juni linaegemea kaskazini kama nyuzi 30. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na kibaraza tu, jua liko juu, kibaraza kinalikata. Mashariki na magharibi hakuna kibaraza kitakachokusaidia, maana asubuhi na jioni jua linakuja limelala, linakuingia machoni. Jengo la Dodoma linatakiwa lijinyooshe mashariki kwenda magharibi, mgongo mrefu uangalie kaskazini, mgongo mrefu mwingine kusini, na zile ncha mbili fupi uzizibe.

Halafu sasa ndo unaona raha ya makumbusho. Ofisi ukiziba ukuta wa magharibi watu wanalalamika hawana dirisha. Makumbusho yana vyumba vinavyoomba giza! Planetariamu haitaki dirisha, stoo ya mafuvu haitaki dirisha, sinema haitaki, chumba cha ndege na ramani hakitaki. Vyote hivyo unavirundika upande wa magharibi, kuta nene za mawe, vinakuwa ngao, jua la saa kumi linajipiga hapo mpaka linachoka, na uwanja wa kuchezea unakaa nyuma ya ngao ukifungua madirisha yake kaskazini na kusini. Zile nyumba mbili zisizopatana zinajikuta zinasaidiana. Mzee wa kenchi hapo aliweka kikombe chini. Mpwa akaanza kuchora kwenye boksi la sigara.

Paa nalo. Jengo linalotajwa sana duniani kwa habari ya paa ni California Academy of Sciences, San Francisco, alilochora Mwitaliano Renzo Piano, likafunguliwa 2008 baada ya majengo yao ya zamani kuharibiwa na tetemeko la 1989. Paa lake ni bustani ya ekari 2.5, mimea ya asili ya kule takriban milioni 1.7, imepandwa kwenye trei za nyuzi za nazi, juu ya udongo wa sentimita kama 15. Na paa lina vilima, watu wanadhani ni urembo. Vilima viwili vikubwa vimefuata kuba zilizoko chini yake, moja planetariamu, nyingine msitu wa mvua uliofungiwa kwenye kioo. Hewa ya moto inapanda inajikusanya kwenye kilele cha kilima, pale kuna madirisha ya duara yanajifungua yenyewe inatoka, na hewa ya baridi inateremka kwenye miteremko inaingia uani katikati. Wanasema ndani panakuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi kuliko kama lingekuwepo paa la kawaida. Ndani ya kuta wamejaza vitambaa vya jinzi kuukuu kuzuia joto. Mitumba, bana.

Nilipowaeleza hivyo mzee akanyamaza kidogo akasema, mjomba, hilo si tembe?

Na ni kweli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na tembe, huku upande wa Mvumi. Kama hujawahi kuliona: nguzo za miti yenye panda, juu yake magogo, juu ya magogo fito zimebanana, juu ya fito nyasi na majani, juu kabisa udongo umeshindiliwa kwa miguu, paa limelala flati, nyumba fupi imezunguka ua na ng'ombe wanalala katikati. Kuta za udongo nene. Kule juu bibi alikuwa anaanika uwele na mlenda, na maboga yanakaa kule mpaka kiangazi. Nakumbuka mchana wa mwezi wa kumi na moja unatoka nje umeungua unaingia mle ndani kama umeingia kwenye mtungi. Mwanga ulikuwa mdogo, unaanza kuona kwanza moto, halafu vibuyu, halafu sura ya bibi anayekucheka umesimama umepofuka. Luksi 50, labda na pungufu.

Kinachofanya kazi pale ni uzito. Udongo mzito unakunywa joto mchana kutwa polepole, linapotaka kutokea upande wa ndani ni usiku tayari, na usiku wa Dodoma, mita elfu moja na mia na kitu juu ya bahari, unakuwa na baridi, kuta zinapoa, kesho zinaanza upya. Bati halina uzito, jua likigonga dakika tano tayari ndani unajua. Na paa flati la udongo linawezekana hapa kwa sababu mvua yetu ni chache, milimita kama 550 mpaka 600 kwa mwaka, lipeleke tembe Bukoba uone kama litamaliza masika moja. Hata hapa lilikuwa linavuja, nisidanganye, kila mwaka kabla ya Desemba mjomba alikuwa anapanda na udongo mpya, na nyoka tulikutana nao humo.

Kwa hiyo mtu akija kujenga makumbusho ya sayansi hapa akaleta ile bustani ya San Francisco kama ilivyo, mwezi wa nane itakuwa majani makavu yanayosubiri kiberiti. Kuanzia Mei mpaka katikati ya Novemba hapa mvua karibu hakuna. Achukue akili ya tembe, udongo au mawe juu ya slabu yenye lami nzuri isiyopitisha maji, apande vitu vinavyojua njaa kama mikonge na aloe, au asipande chochote. Na mawe tunayo, Dodoma mtu akichimba msingi anaanza na matusi kwa sababu ya mwamba. Ila uzito ule juu unataka injinia makini, sisi tuko kwenye bonde la ufa, ardhi inatikisika mara kwa mara, wazee wanajua, na paa zito lenye nguzo dhaifu kwenye tetemeko linashuka kama kifuniko cha sufuria.

Maji ya paa pia ni somo. Kule Singapore makumbusho ya ArtScience, alichora Moshe Safdie, la 2011, lina umbo la ua la yungiyungi, paa linakusanya mvua linaidondosha kupitia tundu la katikati mpaka kwenye bwawa ndani, inatumika vyooni. Hapa paa la mita za mraba 1,000 linapokea kama lita laki tano na nusu kwa mwaka, ukitoa zinazopotea bado nyingi, ila zote zinakuja ndani ya miezi mitano. Tenki lazima liwe kubwa la kuchekesha. Mi ningelifanya lionekane, lenye kioo upande mmoja na mistari ya vipimo, mtoto wa Chamwino aone mwenyewe maji yanavyoshuka mwezi hadi mwezi. Hiyo tayari ni onyesho na hujanunua kitu nje.

Maana hilo ndo jambo ambalo majengo mazuri ya aina hii yanalifanya, hayafichi utumbo wao. Kwenye jengo la kawaida tunahangaika na siling bodi kuficha mabomba, kule bomba la hewa linapakwa rangi linaachwa wazi. NEMO, makumbusho ya sayansi ya Amsterdam, Piano tena, 1997, limekaa juu ya mdomo wa handaki la magari linalopita chini ya maji, magari yanateremka na paa linapanda kinyume chake, watu wanatembea juu yake kama uwanja. Na Exploratorium walipohama 2013 walihamia kwenye banda la zamani la gatini, Pier 15, banda refu tu, wanapooza kwa maji ya bahari yaliyoko chini ya miguu yao na paa zima ni sola. Kwa hiyo mzee, jibu la swali lako ni kwamba boksi linaruhusiwa. Hata maghala ya Kizota yangefaa ukiyaziba vizuri magharibi. Kinachokataliwa ni boksi ambalo halikuuliza jua linatokea wapi.

Mpwa akauliza, sasa mjomba ukipewa wewe pale katikati ungeweka nini. Nikasema penduli. Ile ya Foucault, Mfaransa, 1851 alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon Paris, likawa linabembea na mstari wa kubembea unageuka polepole, watu wakaona kwa macho kwamba dunia inazunguka. Ndo sababu nyingine ya ule ukumbi mrefu, waya ukiwa mfupi tufe linabembea haraka na hewa inaliua mapema, hata mrefu lazima uweke sumaku ya umeme inayolisukuma kidogo kila likipita. Paris mstari unamaliza mzunguko kwa saa kama 32. Ukiwa ncha ya kaskazini au ya kusini ni siku moja. Ukiwa ikweta kabisa haugeuki, milele.

Na Dodoma? Mpwa akafungua kikokotozi, nyuzi 6 na kidogo, sine yake (ile ya hesabu za pembe), akagawanya siku moja kwa hiyo. Ikaja saa 222. Siku tisa na robo. Na unageuka kinyume na kule Paris, unakwenda kinyume cha saa. Tukapiga hesabu tukichora duara la vijiti vidogo sakafuni, nusu kipenyo mita mbili, kwa saa nzima ncha inasogea sentimita tano na nusu hivi, basi weka kijiti kila baada ya nafasi hiyo na kila saa kijiti kimoja kinaanguka kila upande.

Mzee wa kenchi akasema waya utafungwa kwangu, kenchi ndo itabeba. Akaanza kumuuliza mpwa tufe litakuwa kilo ngapi.